Paja Lililonguruma

Kioo kilipasuka wakiwa ngazini, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, na hakuna aliyekuwa amekigonga. Kilikuwa kioo cha dirisha la duka la nguo, kirefu kuliko mtu, kimefungwa mkanda wa kubebea kila upande. Almasi alikuwa juu, akipanda kinyumenyume. Shemeji yake alikuwa chini, akisukuma huku anasimulia habari za jirani aliyenunua televisheni isiyotoa sauti. Ukasikika mlio mkavu kama wa tawi linapovunjika, kisha wote wawili wakajikuta wameshika mikanda mitupu.

Almasi alikuwa fundi vioo. Jina hilo alipewa na wateja kwa sababu ya kalamu yake ya kukatia, yenye ncha ya almasi, ambayo hakuwahi kumwazima mtu hata siku moja. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, aliitwa Kimya, na jina hilo lilikuwa la dhihaka tupu, maana mdomo wake haukuwa na breki. Walifanya kazi pamoja miaka mingi, mmoja akikata na mwingine akiongea, na vioo viliingia kwenye fremu zake salama.

Mwanzoni Almasi hakuhisi kitu. Alitazama chini akaona suruali imetoboka upande wa ndani wa paja la kushoto, tundu dogo tu la kuingia kidole gumba. Akawaza kwamba suruali imeharibika. Kisha damu ikaruka. Ilitoka kwa mikupuo, ikapiga ukuta mweupe wa ngazi, ikapumzika, ikapiga tena.

Kimya alimlaza pale pale, akakunja ngumi, akaipachika juu ya lile tundu na kuilalia kwa uzito wake wote. Na kwa mara ya kwanza tangu Almasi amjue, akanyamaza. Hakusema neno walipoteremshwa, wala nyuma ya pikapu ya mwenye duka, wala mlangoni pa hospitali ndogo ambako nesi alimwambia aachie na yeye akawa kama kiziwi. Nesi akalazimika kumbandua vidole kimoja kimoja. Chini ya ngumi damu ilikuwa imekoma.

Daktari wa zamu alisafisha jeraha, akachungulia, akashika juu ya unyayo kutafuta mapigo, akayapata. Mguu ulikuwa na joto na vidole vilicheza. Akamwongeza damu, akamshona, akamlaza siku chache, akamruhusu.

"Una bahati," alimwambia. "Ukiona chochote kigeni, rudi."

Maneno hayo yaliingilia sikio moja la Almasi yakatokea la pili. Alilolishika ni lile la bahati.

Nyumbani, mama mkwe alikuja kumtazama mgonjwa. Akaomba aonyeshwe, akaonyeshwa. Paja lilikuwa jeusi tititi, upana wa sahani, pale ngumi ilipokaa.

"Hii si kazi ya kioo," alisema, akamgeukia mwanawe. "Hii ni ngumi. Wewe una mikono mizito tangu utotoni, hakuna mlango wa nyumba yangu ambao hukuung'oa bawaba. Umempondaponda mwenzio mishipa."

Kimya alicheka. Kisha akatazama lile paja tena na kicheko kikakatika. Almasi angeweza kusema neno, lakini alikunywa chai yake. Paja lilimuuma kweli, na siku zile kuwa na mtu wa kulaumu kulimpunguzia maumivu kuliko vidonge.

Jeraha lilifunga vizuri. Weusi uligeuka zambarau, kisha manjano, kisha ukatoweka. Almasi akarudi karakana kwa kuchechemea, akawa anakata vioo vidogo mezani: vya fremu za picha, vya vidirisha vya choo, vya kujitazamia. Vile vya kubebwa na watu wawili alimwachia Kimya na vibarua. Katika siku hizo za kukaa sana ndipo alipoanza kuhisi kitu kinatetemeka. Alidhani ni meza. Seremala wa jirani alikuwa na mashine ya kuranda mbao, na ilipowashwa kuta zote ziliingia baridi. Lakini siku moja mashine ilizimwa, seremala akafunga mlango akaenda zake, na mtetemo ukabaki. Almasi akaweka kiganja juu ya kovu. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kinavuma bila kukoma, mithili ya paka anayekunwa shingo.

Akaondoa mkono upesi, akaangalia mlangoni kama kuna aliyemwona.

Hakumwambia mtu. Si kwamba alikuwa mwoga wa hospitali. Angeweza kuchomwa sindano huku anatafuna karanga. Alichoogopa ni kisu. Yeye mwenyewe aliishi kwa kukata, na alijua kwamba kioo ukishakikwaruza hukiamulii tena, kinaweza kufuata mstari wako au kikaenda kinakotaka. Aliamini kwamba mtu akileta wembe karibu na lile paja, mguu mzima utaondoka nao.

Aliyegundua ni mkewe. Alikuwa msusi, mtu wa kusimama kutwa nyuma ya vichwa vya watu, na Jumapili mchana alipenda kujinyoosha kwenye kochi na kuweka kichwa chake mwenyewe kwenye paja la mumewe. Kwa kawaida alilala upande wa kulia. Jumapili ile kulia palikuwa na nguo zinazosubiri kupigwa pasi, akalala kushoto.

"Mbona unanguruma?" aliuliza.

"Njaa."

"Njaa imehamia pajani?" Akainua kichwa, akakishusha tena polepole, akakandamiza sikio. "Ni kama friji ya mama. Ile mbovu."

"Basi nitakuwa nimemeza friji."

Hakucheka. Aliketi, akaweka mkono pale alipokuwa ameweka sikio, akauacha hapo.

"Tangu lini?"

"Tangu juzijuzi."

"Juzi ya juma hili au juzi ya mwezi ule?"

Almasi akaanza kukunja nguo ambazo hazikuwa zimepigwa pasi. Mkewe akamwambia kesho yake waende hospitali, naye akakubali. Ile kesho ilisukumwa mbele, na ya pili yake ikasukumwa pia. Kulikuwa na mteja asiyeweza kungoja, kisha mzigo wa vioo uliochelewa, kisha mvua. Mkewe alisema mpaka akachoka, akabaki kumtazama tu, na kutazamwa huko kulimchosha Almasi kuliko maneno.

Mguu nao haukuwa ukimsubiri. Mishipa ya muundi ilijitokeza kama kamba chini ya ngozi. Jioni unyayo ulijaa, na soksi ikivuliwa iliacha mfereji. Chini ya kovu kulichomoza uvimbe, ukafikia ukubwa wa yai, wa moto na unaodunda. Lililomtisha zaidi halikuwa mguuni. Alikuwa akikaa tu, kalamu mkononi, bila haraka yoyote, na moyo unamwenda mbio kama wa mtu anayekimbizwa na mbwa.

Siku aliyoanguka hakuwa na mzigo. Alikwenda kwa mteja kupima dirisha, akapanda ngazi, na nusu ya njia pumzi zikamwishia. Akakaa chini. Mteja alimkuta midomo imekuwa ya kijivu, kijasho chembamba kinamtoka, akamletea maji na kiti. Kimya, aliyekuwa chini anateremsha fremu, alipanda mbio, akamtazama mara moja, akambeba mgongoni mpaka barabarani. Gari la kwanza lililosimama likawapeleka kwenye zahanati ya karibu.

Zahanati ilikuwa ya vyumba vitatu, na kimoja kilikuwa kimejaa watoto wa chanjo. Tabibu alikuwa mwanamke wa sauti ya upole na mikono ya haraka. Alimbana kile kifaa cha kidoleni kinachoonyesha mapigo, akakunja uso, akamlaza kitandani na kufunua paja. Aliona kovu, akaona uvimbe, akaugusa kwa mgongo wa mkono akaona ni wa moto.

"Jipu," alisema. "Limejikusanya chini ya kovu, na sumu yake ndiyo inayokupeleka puta moyo. Tunalipasua, usaha unatoka, unapata nafuu."

Almasi akauvuta mguu. Tabibu akaurudisha mahali pake kama mama anavyorudisha mkono wa mtoto kwenye shati. Akamwambia Kimya ashike mabega. Akavaa glovu, akapanga trei: sindano ya ganzi, wembe, bakuli, pamba. Almasi alifumba macho. Akasikia baridi ya spiriti ikipita juu ya ngozi, ikapita tena, kisha pamba ikasimama ilipokuwa.

"Usitikisike," tabibu alisema.

"Sitikisiki."

"Basi nani anatikisika?"

Tabibu alivua glovu na kuweka kiganja kitupu juu ya uvimbe. Kisha akachukua kipimo cha kusikilizia moyo, akakiweka pale pale, akainama. Alisikiliza kwa muda mrefu. Aliponyoosha mgongo alichukua trei nzima, akaisogeza hadi mwisho wa chumba, mbali na mkono wake mwenyewe.

"Sikiliza," alisema, akamvisha Almasi vile vya masikioni.

Almasi alitarajia kusikia moyo, du-du, du-du. Alichosikia ni kinu cha kusaga. Uvumi mzito usiokatika, ukipanda kwa kila pigo na kushuka kidogo, ukipanda na kushuka, bila kutua hata mara moja. Alivivua akavirudisha.

Tabibu alikuwa bado hajamaliza. Aliweka vidole gumba viwili juu ya uvimbe, akabonyeza taratibu mpaka mtetemo ukafa, akatazama kile kifaa cha kidoleni. Namba za mapigo zilianza kushuka. Akaachia, zikapanda. Akabonyeza tena, zikashuka tena.

"Ona," alimwambia Kimya, maana mgonjwa alikuwa akitazama dari. "Nikiziba hapa, moyo unapumzika. Nikiachia, unarudi mbioni. Mtu amelala na moyo wake unafanya kazi ya mtu anayepanda mlima." Kisha akavuta kiti akakaa. "Ningepasua hapa, nisingeweza kuizuia damu. Chumba hiki kingekuwa kisima."

Kimya aliyaachia mabega ya Almasi.

"Leo sikukati," tabibu alimwambia Almasi. "Na mtu yeyote asiye bingwa wa mishipa akikuambia anataka kukupasua hapo, kimbia, hata kwa mguu mmoja."

Alimwita dereva wa zahanati, akapiga simu hospitali kubwa, akasubiri mpaka akasikia kwa masikio yake kwamba mgonjwa atapokewa.

Bingwa wa mishipa alikuwa mama mfupi wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, na alizungumza kama mtu anayesoma ratiba ya magari. Chumba cha altrasaundi kilikuwa chembamba na chenye giza. Almasi alilala na paja limepakwa mafuta ya baridi. Mkewe, aliyekuja mbio akiwa bado na vibanio vya nywele kwenye aproni, alisimama kichwani. Kimya alijibana penye pazia. Bingwa alipitisha kifaa juu ya kovu, na kwenye skrini zikatokea rangi.

"Hii nyekundu ni ateri, mshipa unaopeleka damu mguuni. Hii ya buluu ni vena, inayoirudisha moyoni. Zinakaa bega kwa bega paja zima, na hazitakiwi kukutana mpaka huko chini kabisa, kwenye vimishipa vyembamba kuliko unywele." Alisogeza mkono. Katikati ya nyekundu na buluu palionekana mahali ambapo rangi zilivurugana, kijani na manjano na nyeupe, zinachemka kwa kila pigo. "Hapa zimekutana. Kioo kilipita kwenye ateri kikaingia vena. Tundu la nje liliziba. Tundu la katikati, la mshipa kwa mshipa, halikuziba."

"Kwa nini moja lizibe na jingine ligome?" mke aliuliza. "Si ni kioo kile kile na siku ile ile?"

Bingwa alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Inaelekea swali lilimpendeza, maana alivaa miwani.

"Ni kwa sababu ya nguvu za damu yenyewe. Damu ikipita inausukuma ukuta wa mshipa kwenda nje, na tena inausugua kwa urefu. Mshipa mzima umezoea msukumo wake na msuguano wake. Utando wa ndani unapima muda wote, kama mkono wako unavyojua nywele za mteja zinavutwa kiasi gani. Sasa mshipa ukikatwa, mambo yote yanavurugika. Damu inatoka palipo na msukumo mkubwa inakwenda pasipo na msukumo. Inapenya kwenye tundu finyu, kwa hiyo inashika kasi, na inazisugua kingo za jeraha kwa nguvu ambayo mshipa mzima hauijui. Huo msuguano ndio unaopiga kengele. Ndani ya damu kuna nyuzi ambazo siku zote zimejikunja. Zikisuguliwa namna ile zinanyooka na kunata, na chembe za kugandisha damu zinanasa juu yake kama nywele kwenye chanuo."

"Basi kasi inasaidia," alisema mke.

"Inaanzisha kazi, lakini haiimalizi. Chembe za kwanza hunasa hata kwenye kasi. Donge lenyewe likishaanza kukua linataka damu itulie, la sivyo linasombwa kabla halijashika. Tundu la nje lilipata utulivu. La ndani halikupata. Upande mmoja moyo unasukuma, upande wa pili vena imelegea na haizuii chochote. Damu imepata njia ya mkato ya kurudi nyumbani, na kila pigo linaifagia njia hiyo isizibe. Ule mngurumo ni damu inayopigana yenyewe kwa yenyewe pale inapopita."

Almasi alisikiliza akiwa ameikazia macho ile sehemu inayochemka. Ilikuwa ajabu kwake kuiona. Kwa miezi alikuwa ameibeba kama mtu anayebeba habari mbaya mfukoni, na sasa iko kwenye skrini, ina rangi, na watu wanaizungumza kwa sauti ya kawaida.

"Tukiiacha hivi?" aliuliza.

"Vena haikuumbwa kwa msukumo huu. Inatanuka, inafanya ukuta mnene, inajaribu kuwa ateri na haiwezi. Ateri ya juu nayo inatanuka kwa sababu inapitisha damu nyingi kuliko zamani, na unyayo unapata makombo. Moyo unalisha njia mbili. Utachoka."

"Na mguu? Ukikata?"

"Huo mguu ndio ninaoufuata kuuokoa, baba. Sina shida na kitu kingine."

Ndipo Kimya alipotoa sauti kutoka penye pazia. Ilikuwa ndogo mno kwa mtu wa mwili ule.

"Daktari, samahani. Mtu akibonyeza sana, kwa ngumi, anaweza kuponda mshipa, ukapasukia ndani kwa ndani?"

Dada yake aligeuka kumtazama. Bingwa aliitazama mikono yake, ambayo ilikuwa imeshika pazia.

"Wewe ndiye uliyebonyeza?"

"Ndiyo."

"Mpaka lini?"

"Mpaka waliponibandua."

"Tundu la nje lilipata utulivu kwa sababu ya ngumi yako. Ungeachia, mtu huyu angeishia ngazini. Na hili la katikati ni mkato, kingo zake zimenyooka, naziona hapa. Ngumi haikati." Akarudi kwenye skrini. "Sogea kidogo kulia, baba."

Alikuwa ameyasema kwa sauti ile ile ya ratiba. Kimya aliitikia kwa kichwa, akatoka nje. Kwa upenyo wa mlango Almasi alimwona amesimama mbele ya bango la namna ya kunawa mikono, uso karibu kabisa na ukuta, kama anasoma. Alisoma bango lile muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwemo.

Almasi hakuwa amejua kwamba mwenzake alikuwa akitembea na mzigo ule. Au alijua. Alikuwa ameona jinsi Kimya alivyoanza kushika vioo kwa ncha za vidole, jinsi alivyowaachia vibarua vile vikubwa, na hakuuliza.

Siku moja kabla ya upasuaji mama mkwe alifika wodini na chupa ya chai na matunda, mwanawe nyuma yake. Alikaa, akalalamikia harufu ya dawa, akauliza habari za chakula. Almasi alimwacha amalize.

"Mama," alisema, "lile neno la ngumi, daktari amelikataa. Amesema ndiyo iliyoniokoa. Nami nilipaswa kulikataa siku ile ile, nikakaa kimya."

"Mimi nilisema tu, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Ulisema tu. Naye akalibeba."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, ambaye ghafla alikuwa anahangaika na mfuniko wa chupa. Hakuwa mwanamke wa kuomba radhi, na hakuomba. Alitoa chungwa, akalimenya kwa uangalifu mkubwa, akaondoa hata vile vinyuzi vyeupe, akamkabidhi Kimya lote, mgonjwa akabaki kutazama.

Asubuhi Almasi alipewa nusu kaputi. Kumbukumbu yake ya mwisho ilikuwa taa kubwa ya duara na yeye akiwaza ni kioo cha unene gani kilichotumika. Bingwa na wasaidizi wake waliibana ateri juu na chini ya tundu, wakaitenganisha na vena iliyokuwa imeng'ang'ania kwa makovu, wakaziba upande wa vena kwa uzi mwembamba, na upande wa ateri wakauwekea kiraka kilichokatwa kwenye mshipa wa mguu wa kulia. Nje, mkewe alisuka na kusuka upya nyuzi za pindo la kitenge cha mgonjwa mwingine lililokuwa linafumuka, bila kuombwa.

Alipozinduka, kitu cha kwanza alichofanya ni kupeleka mkono pajani. Palikuwa pamefungwa bandeji nene. Hapakuvuma kitu.

"Mguu upo?" alimwuliza mkewe.

"Upo. Hata kucha zake ndefu zipo."

Moyo ulikuwa umeshuka. Unyayo wa kushoto, uliokuwa baridi kwa miezi, ulipata joto. Wote walidhani mambo yamekwisha, na Kimya akawa amerudi kwenye hali yake, akiwasimulia wagonjwa wa vitanda vya jirani mambo ambayo hawakuuliza.

Siku ya tatu shavu la mguu likaanza kuuma. Kwanza kama misuli iliyochoka, kisha likawa gumu na haliguswi. Almasi hakusubiri kesho safari hii. Alimwita nesi papo hapo. Bingwa alikuja na kifaa chake, akakipitisha, akatikisa kichwa taratibu.

"Nilikuwa naogopa hili," alisema. "Vena yako ilitanuka kwa ajili ya mafuriko. Sasa mafuriko tumeyaondoa na barabara imebaki pana. Damu inatembea kwa kujivuta ndani ya nafasi kubwa mno, na damu inayojivuta inaganda. Kuna donge hapa."

"Kwanza haikutaka kuganda, sasa inaganda," alisema Almasi.

"Ndiyo hivyo. Nguvu zilikuwa nyingi, sasa ni chache. Mshipa hauna haraka kama sisi, utachukua muda kujipunguza."

Donge likibanduka lingeweza kupanda hadi kwenye mapafu, na hilo bingwa hakumficha. Akaamuru sindano za kuzuia damu kuganda, mguu uinuliwe juu ya mito, na vipimo kila baada ya muda. Zilikuwa siku mbaya kuliko zile za kabla ya kisu. Kila Almasi alipokohoa, mkewe aliacha alichokuwa akifanya na kumtazama kifua. Kimya alikuja kila alasiri, akakaa miguuni pa kitanda, na aliongea mfululizo, habari za seremala, za mbwa wa seremala, za bei za mafundi wengine, na Almasi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akimwomba afunge mdomo, alimwuliza maswali ili asinyamaze.

Donge halikubanduka. Liliyeyuka kidogo kidogo, na sehemu iliyobaki ikashikamana na ukuta. Almasi aliruhusiwa akiwa na vidonge, na soksi ndefu ya kubana ambayo mkewe alilazimika kumvalisha asubuhi kwa kuvuta na kupumzika, kuvuta na kupumzika, wote wawili wakihema. Kwenye miadi iliyofuata bingwa alimwambia kwamba moyo umeanza kurudi kwenye ukubwa wake, na vena imepungua, ingawa haitakuwa kama zamani. Alimwambia pia asibebe tena vioo vikubwa, na hilo halikuhitaji kurudiwa.

Akiwa karibu na zahanati ile ya vyumba vitatu, Almasi aliingia kumsalimu tabibu. Alimkuta anamfunga bandeji mtu aliyeng'atwa na mbwa. Tabibu alimkumbuka kwa paja kabla ya kumkumbuka kwa sura. Akaomba ruhusa, akaweka kipimo juu ya kovu jipya, akasikiliza.

"Pametulia," alisema, akarudi kwa mgonjwa wake.

Sasa Almasi anakata na Kimya anabeba, pamoja na kibarua mmoja mrefu asiyependa mazungumzo na ambaye hana pa kukimbilia. Hivi karibuni Kimya amekuja na wazo kwamba waache fremu za mbao kabisa, wachukue za alumini, kwa kuwa kila mtu mjini anataka madirisha ya kuteleza. Almasi anasema alumini haina roho. Kimya anasema dirisha halihitaji roho, linahitaji kufunguka. Mke wa mmoja na dada wa mwingine ameombwa aamue, naye amesema ana vichwa vinne vya kusuka vinamsubiri.